Fedha na Dhahabu: Kisa cha Maneno ya Kijapani katika Kiainu

Mwaka 1923 kilichapishwa mjini Tokyo kitabu chenye nyimbo 13 za masimulizi za Waainu, wenyeji wa asili wa kisiwa cha Hokkaido kaskazini mwa Japani. Aliyeziandika kwa herufi za Kirumi na kuzitafsiri kwa Kijapani alikuwa msichana wa Kiainu, Chiri Yukie, aliyefariki Septemba 1922 akiwa na umri wa miaka 19 tu, kabla kitabu chake hakijatoka. Katika wimbo wa kwanza mungu bundi anaruka juu ya kijiji akiimba kuhusu matone ya fedha na matone ya dhahabu yanayodondoka pande zote. Kiitikio hicho huenda ndicho kipande cha Kiainu kinachojulikana zaidi kuliko vyote, na maneno yake mawili makuu ni sirokani, yaani fedha, na konkani, yaani dhahabu. Yote mawili yana asili ya Kijapani: shirokane na kogane.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu njema ya kulitazama jambo hili kwa utulivu. Fedha na dhahabu katika lugha yetu ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na hakuna utenzi uliopungukiwa na Uswahili wake kwa kuyatumia. Yalikuja na jahazi, yakapokewa, yakapewa lafudhi ya pwani, na leo hayaoni haya kukaa karibu na maji, moto na mti. Hata hivyo, maneno ya namna hii yanapoonekana katika lugha iliyo hatarini, huwa mepesi kusomwa kama dalili za ugonjwa, kana kwamba kila neno la mkopo ni jino lililong'oka na lugha yenyewe ikaisha neno kwa neno mpaka kikabaki kimya. Kwa Kiainu usomaji huo ni makosa, na uchambuzi huu unakusudia kuonyesha kwa nini. Waainu walipokea maneno ya Kijapani kwa karne nyingi bila lugha yao kutikisika msingi. Kilichoiondoa lugha vinywani mwa watoto ni kitu kingine kabisa, kilichotukia katika muda wa takriban vizazi vitatu, na kina tarehe zake.

Kwanza lugha yenyewe. Kiainu hakina jamaa aliyethibitishwa popote duniani. Kilizungumzwa Hokkaido, kusini mwa kisiwa cha Sakhalin na katika Visiwa vya Kuril, na majina ya mahali yanashuhudia kwamba kiliwahi kufika kaskazini mwa Honshu, kisiwa kikuu cha Japani. Katika Kiainu nay ni kijito na pet ni mto. Ndiyo maana ramani ya Hokkaido imejaa majina yanayoishia na -nai na -betsu, kama Wakkanai na Noboribetsu, jina la pili likitokana na nupur pet, mto wa maji yaliyochafuka, na majina ya aina hiyo yanaendelea kuonekana ng'ambo ya mlangobahari, katika mikoa ya kaskazini ya Honshu. Wajapani waliliongezea pet irabu ya mwisho likawa betsu, kwa sababu lugha yao haipendi silabi kuishia na konsonanti, jambo ambalo sisi tuliogeuza kitab kuwa kitabu tunalielewa bila kuelezwa.

Sarufi ya Kiainu ndiyo sehemu ambayo Mswahili ataiona kama nyumba ya jirani. Kitenzi hubeba ndani yake mtenda na mtendwa. Kunukar ni "namwona". Ennukar ni "ananiona". Kiambishi ku- kinasimama mahali pa kiima cha nafsi ya kwanza, en- mahali pa yambwa ya nafsi hiyo hiyo, na nafsi ya tatu haina kiambishi. Viko pia viambishi vinavyofanya kazi iliyo karibu na kauli yetu ya kutendea: mina ni kucheka, emina ni kumcheka mtu au jambo, itak ni kusema, koytak ni kusema na mtu. Nomino nayo inaweza kumezwa na kitenzi, wakka, maji, ikaungana na ta, kuteka, tukapata wakkata, kuteka maji, kama tendo moja. Kijapani hakina viambishi vya nafsi katika kitenzi hata kimoja. Karibu kila kitu katika kitenzi chake hujipanga mwishoni. Tofauti hii ni muhimu kwa hoja yangu. Kama kuishi pamoja na Kijapani kungekuwa kumekimomonyoa Kiainu polepole, hapa ndipo mmomonyoko ungeonekana kwanza.

Sasa tuyaulize maneno ya mkopo yenyewe yaliingia lini na kupitia mlango gani, kwa maana maneno haya yana ushahidi ndani ya konsonanti zake.

Chumvi kwa Kiainu ni sippo. Kwa Kijapani cha leo ni shio, ambamo hamna p. Lakini Kijapani cha kale kilikuwa na p katikati ya neno hili, ambayo baadaye ililegea ikawa sauti ya mdomo kama f, kisha, kati ya irabu, ikawa w, na mwishowe ikatoweka. Mabadiliko hayo kati ya irabu yanawekwa na wanaisimu kwenye miaka ya karibu na 1000 kwa lugha ya mji mkuu wa wakati ule. Kiainu kiliichukua p kabla haijapotea, kikaitunza. Vivyo hivyo kifuniko ni puta, na Kijapani cha leo husema futa. Kikombe cha kunywea pombe ya ibada ni tuki, na Kijapani husema tsuki, kwa sababu tu ya kale iligeuka tsu upande wa Wajapani na haikugeuka upande wa Waainu. Mtafiti wa historia ya Kijapani anaweza basi kukaa na kamusi ya Kiainu akasikia sauti ambazo wazungumzaji wa Kijapani wenyewe waliziacha zamani sana. Ni kweli kwamba lahaja za pembezoni huchelewa kubadilika, na kwa hiyo mwaka kamili hauwezi kuandikwa ubavuni mwa kila neno. Lakini hata kwa tahadhari hiyo, tunazungumzia mahusiano ya karne nyingi kabla ya dola ya kisasa ya Japani kuwapo.

Kundi la pili la maneno linaonyesha mlango uliotumika. Kuabudu ni onkami, kutoka neno ambalo Kijapani cha leo husema ogamu. Vazi la mikono midogo ni kosonte, kutoka kosode. Dhahabu, kama tulivyoona, ni konkani, kutoka kogane. Katika kila moja Kiainu kina nazali, yaani sauti ya puani kama m au n, mahali ambapo Kijapani sanifu hakina. Nazali hiyo haikubuniwa na Waainu. Kijapani cha zamani kilitamka konsonanti hizi kwa kutanguliza unazali, kama mb, nd na ng zetu, na João Rodrigues, padre Mreno aliyeandika sarufi ya Kijapani iliyochapishwa Nagasaki kati ya 1604 na 1608, aliusikia bado ukiwapo kabla ya d na g. Kaskazini mwa Honshu, katika eneo la Tohoku, unazali huo ulidumu hadi nyakati zetu, na kabla ya b pia.

Hapo ndipo neno tampaku, tumbaku, linapopata uzito wake. Tumbaku ililetwa Japani na Wareno katika miaka inayopakana na 1600, kwa hiyo neno haliwezi kuwa la zamani kuliko hapo. Neno la Kijapani ni tabako, bila nazali. Kiainu kina m, na kwa kuwa lugha hii haitofautishi p na b, p inayofuata m husikika karibu sana na b. Waainu hawakulipokea neno kutoka Kyoto wala kutoka kwa Wareno, bali kwa wavuvi na wachuuzi wa Tohoku waliovuka mlangobahari. Ng'ombe anathibitisha hilo: Kijapani sanifu ni ushi, watu wa Tohoku husema beko, na Waainu husema peko. (Sisi pia tuna mb katika tumbaku, na neno letu nalo lina mizizi katika safari za Wareno, lakini letu lilifika kwa njia ya Bahari ya Hindi, na kufanana kwake na la Kiainu ni sadfa tu, ingawa ni sadfa inayonifurahisha kila ninapoikumbuka.)

Mikopo hii ilifuata biashara. Waainu walitoa samaki aina ya samoni na heringi, mwani, manyoya ya tai na ngozi za wanyama. Wakapata mchele, pombe ya mchele, chuma, nguo za pamba, vyombo vilivyopakwa laka na tumbaku. Vyombo vya laka havikubaki bidhaa tu, vilipanda hadhi vikawa vya ibada, na pombe ya kuwanyunyizia miungu ikapata jina tonoto, ambalo kwa kawaida huchanganuliwa kuwa tono, bwana, neno la Kijapani, na to, maziwa ya mama, neno la Kiainu: maziwa ya bwana. Sioni dalili ya unyonge wa lugha katika neno hilo. Naona lugha inayojiamini, inayokitazama kitu kigeni na kukipa jina la utani lenye picha.

Na maneno hayo yalipoingia yalitii sheria za nyumba. Onkami lilikopwa kama kitenzi, likapokea kiambishi cha Kiainu ko- tukapata koonkami, kumwabudu fulani, sawasawa na tulivyochukua fikiri kutoka Kiarabu tukakinyambua kwa kanuni zetu wenyewe kuwa fikiria. Sijui kipimo kizuri zaidi cha afya ya lugha kuliko hiki. Lugha dhaifu haimnyambui mgeni.

Hesabu inasema vivyo hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Kiswahili chenyewe kilikopa sita, saba na tisa kutoka Kiarabu. Kiainu, pamoja na karne zote za kuhesabu samaki na magunia na Wajapani, kilibaki na tarakimu zake zote za msingi: sine, tu, re, ine, asikne, iwan, arwan, tupesan, sinepesan, wan. Ndani ya tupesan, nane, mna tu, mbili, yaani mbili zilizopungua katika kumi. Ndani ya sinepesan, tisa, mna sine, moja iliyopungua. Juu ya kumi, hesabu hukwenda kwa ishirini. Hotne ni 20, tu hotne, ishirini mbili, ni 40, na 30 husemwa wan e tu hotne, yaani ishirini mbili zilizopungukiwa na kumi. Yapo masimulizi maarufu huko Hokkaido kuhusu "hesabu ya Kiainu", ambamo mchuuzi Mjapani anahesabu samoni kwa kusema "mwanzo" kabla ya moja na "mwisho" baada ya kumi, akachukua samaki 12 kwa bei ya 10. Dhuluma hiyo ilikuwa ya mwenye nguvu sokoni, na haikutokana na upungufu wowote katika tarakimu za Waainu.

Kwa upande wa pili, Kijapani kilichukua kidogo. Rakko, fisi maji wa baharini. Tonakai, yule mnyama wa jamii ya paa anayefugwa kaskazini. Shishamo, samaki mdogo ambaye jina lake la Kiainu, susam, hufafanuliwa kuwa jani la mti wa mwerebi. Ni majina ya viumbe vya kaskazini ambavyo Wajapani hawakuwa navyo kusini. Kuhusu kamuy ya Kiainu na kami ya Kijapani, yote mawili yakiwa na maana ya mungu, wataalamu hawajakubaliana nani alimpa nani, na mimi sitaamua.

Kwa nini, basi, karne hizo zote hazikuigusa sarufi? Jibu liko katika namna watu walivyokutana. Mwaka 1604 Tokugawa Ieyasu, mtawala wa kijeshi wa Japani, aliupa ukoo wa Matsumae, uliokuwa kwenye ncha ya kusini ya kisiwa, haki ya pekee ya kufanya biashara na Waainu. Ukoo huo haukuwa na mashamba ya mpunga ya kuutegemeza; ulitegemea biashara hiyo, na ulitaka Waainu wabaki Waainu, watu wa nje, wasiovaa Kijapani wala kusema Kijapani. Mazungumzo yalipitia kwa wakalimani, na mmoja wao, Uehara Kumajiro, alitoa mwaka 1792 msamiati wa Kiainu na Kijapani uliotumiwa kwa miaka mingi. Vita vya Shakushain vya mwaka 1669, ambamo Waainu walishindwa, viliwatia chini ya amri za kibiashara zenye ukali zaidi. Baadaye wafanyabiashara waliokodishwa pwani waliwakusanya wanaume na wanawake kwenye kambi za uvuvi, wakawatumikisha, na ndui ikafanya iliyobaki. Matsuura Takeshiro, mpelelezi Mjapani aliyeizunguka nchi hiyo mara sita katikati ya karne ya 19 na kuandika maelfu ya majina ya mahali kwa Kiainu, aliandika pia mateso hayo waziwazi. Simulizi hili haliwezi basi kuitwa la biashara ya kirafiki. Lakini kwa lugha, matokeo yake yalikuwa kwamba ndani ya kotan, kijiji, na ndani ya nyumba, mtoto alilelewa kwa Kiainu, na Kijapani kilikuwa lugha ya ufukweni. Maneno hupita ufukweni kwa urahisi. Ili viambishi vya kitenzi viguswe, wazungumzaji wengi wa lugha mbili wanahitaji kulala chini ya paa moja kwa vizazi kadhaa, na hali hiyo haikuwapo.

Kaskazini zaidi mambo yalikwenda kwa njia nyingine, nami nitayapitia kwa haraka. Kiainu cha Sakhalin kiliishi karibu na Wanivkh na Wauilta, watu wengine wa asili wa kisiwa hicho, kikawa na irabu ndefu na fupi pale ambapo Hokkaido huwa na kupanda na kushuka kwa kidatu, na kikalegeza p, t na k za mwisho wa silabi kuwa h: samaki, cep, akawa ceh, usemi, itak, ukawa itah. Wakuril, yaani Waainu wa Visiwa vya Kuril, waliingia katika Kanisa la Kiorthodoksi la Kirusi na kubatizwa kwa majina ya Kirusi. Mkataba wa St. Petersburg wa mwaka 1875 ulipoipa Urusi Sakhalin na Japani Visiwa vya Kuril, Waainu 841 wa Sakhalin walihamishiwa Hokkaido, hatimaye Tsuishikari karibu na Sapporo, ambako kipindupindu na ndui viliwaua mamia; na mwaka 1884 Wakuril 97 waliondolewa kwenye kisiwa cha Shumshu wakapelekwa Shikotan. Msemaji wa mwisho aliyekulia katika lahaja ya Sakhalin, Asai Take, alifariki mwaka 1994. Lahaja ya Kuril ilikuwa imetoweka zamani.

Turudi Hokkaido, na kwenye tarehe nilizozitaja. Mwaka 1869 serikali mpya ya Japani, ya enzi ya Meiji, iliitwaa nchi ya Waainu na kuipa jina Hokkaido. Mwaka 1871 Waainu waliandikishwa katika daftari la raia, wanawake wakakatazwa kuchora tatuu, wanaume kuvaa hereni, jamaa kuchoma nyumba ya marehemu, na wote wakahimizwa kujifunza lugha na maandishi ya Kijapani. Katika miaka iliyofuata mishale ya sumu ilipigwa marufuku na uvuvi wa samoni ukafungwa kwao mto baada ya mto. Walowezi wakamiminika: mwanzoni mwa karne ya 20 wakazi wa Hokkaido walikuwa wamepita milioni moja, na Waainu miongoni mwao walikuwa chini ya 20,000. Sheria ya mwaka 1899, iliyoitwa ya ulinzi wa wenyeji wa zamani, iliwagawia vipande vya ardhi kwa sharti la kulima na ikaanzisha shule maalumu vijijini mwao. Kanuni za mwaka 1901 ziliwapa watoto hao mtaala uliopunguzwa, usio na historia, jiografia wala sayansi, lakini wenye Kijapani kingi.

Hapa ndipo lugha ilipokatika, na namna ilivyokatika inaonekana vizuri kuliko popote katika nyumba ya Chiri. Yukie alizaliwa Noboribetsu mwaka 1903, lakini tangu utotoni alilelewa Chikabumi, Asahikawa, na shangazi yake Kannari Matsu pamoja na bibi yake, ambaye alikuwa bingwa wa masimulizi na aliyeishi kwa Kiainu. Mtoto akanyonya lugha mbili kwa pamoja. Shuleni alikuwa hodari wa Kijapani, nyumbani alisikiliza nyimbo za miungu. Mdogo wake, Chiri Mashiho, alizaliwa mwaka 1909 akalelewa na wazazi wao katika nyumba iliyokuwa imekwisha kuhamia Kijapani. Mashiho alikuja kuwa mwanaisimu mkubwa kuliko wote waliotoka kwa Waainu na profesa wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, lakini lugha ambayo alitumia maisha yake kuifafanua alilazimika kujifunza akiwa mwanafunzi. Ni watoto wa baba mmoja na mama mmoja, waliopishana miaka sita. Kwa mmoja Kiainu ni lugha ya bibi, kwa mwingine ni somo.

Sikusudii kuwalaumu wazazi wa Mashiho, wala wa maelfu ya watoto wengine kama yeye. Mzazi aliyeona mwanawe akidharauliwa shuleni, akinyimwa kazi na kuitwa majina, akaamua kusema naye Kijapani, alikuwa akimkinga mtoto kwa ngao pekee aliyokuwa nayo. Uamuzi ulifanywa jikoni, lakini masharti yake yaliandikwa na serikali.

Na kwa sababu badiliko lilikuwa la ghafla hivyo, halikuacha nyuma lugha iliyochanganyika. Wazee waliorekodiwa katika karne ya 20 waliendelea kusema kunukar na ennukar kwa usahihi. Usemi wao wa kila siku ulitumia uunganishaji mdogo wa nomino na kitenzi kuliko yukar, yaani nyimbo za masimulizi, lakini tofauti kati ya lugha ya ushairi na ya kila siku ipo katika lugha nyingi zenye afya, ikiwamo yetu. Ukiondoa misamiati ya vitu vipya, Kiainu chao hakikuwa nusu Kijapani. Kilikuwa Kiainu kamili katika kinywa cha mtu ambaye wajukuu wake hawakumwelewa. Kwa mwanaisimu hili ni jambo la kushangaza. Kwa familia hizo lilikuwa msiba, maana mzee wa namna hiyo alizikwa na lugha nzima, si na mabaki yake.

Wengine waliokolewa na bibi zao, kama Yukie alivyookolewa. Kayano Shigeru, aliyezaliwa Nibutani kwenye bonde la mto Saru mwaka 1926, alilelewa na bibi aliyesema naye Kiainu. Mwaka 1983 alianzisha kijijini kwake darasa la lugha kwa watoto, na kati ya 1994 na 1998 alikuwa Mwainu wa kwanza kukaa katika bunge la Japani. Sheria ya 1899 ilifutwa mwaka 1997 tu, karibu miaka mia moja baada ya kutungwa. Mwaka huo huo lilianza gazeti linaloandikwa kwa Kiainu, na mahakama ya Sapporo ilitamka katika kesi ya bwawa la Nibutani kwamba Waainu ni watu wa asili na kwamba ardhi yao ilitwaliwa bila kujali utamaduni wao. Bunge lilipitisha azimio la kuwatambua mwaka 2008, na sheria ikafuata mwaka 2019. Uchunguzi wa serikali ya Hokkaido wa mwaka 2017 ulihesabu Waainu 13,118 katika jimbo hilo, idadi ambayo haiwahusishi wanaoishi Tokyo na kwingineko wala wanaoficha asili yao. Julai 2020 makumbusho ya taifa ya Waainu yalifunguliwa Shiraoi, yakiwa na Kiainu kama lugha ya kwanza katika maandishi yake.

Mgusano wa lugha haujaisha, ila umegeuka upande. Kwa mara ya kwanza karibu kila anayesema Kiainu amezaliwa katika Kijapani, na hatari ya mmomonyoko wa sarufi, ambayo haikuwapo wakati wa sippo na tampaku, sasa ipo kweli. Mwanafunzi huelekea kusema cepu badala ya cep, kwa sababu ulimi wake hauridhiki mpaka usikie irabu. Ndiyo maana waandishi hutumia herufi ndogo za katakana, mwandiko wa silabi wa Kijapani, kuonyesha konsonanti isiyofuatwa na irabu, na walimu hurudi tena na tena kwenye kanda za wazee. Huelekea pia kuvisahau vile viambishi ku- na en-, kwa kuwa katika lugha yake ya kwanza kitenzi hakimtaji mtu. Hayo yanaweza kurekebishwa darasani kwa subira.

Swali gumu zaidi ni la lahaja. Mwanaisimu Hattori Shiro na Chiri Mashiho walionyesha mwaka 1960, kwa kulinganisha msamiati wa msingi wa mahali mbalimbali, jinsi Kiainu kilivyotofautiana kutoka bonde hadi bonde. Lakini kamusi kubwa za kisasa zimetoka upande mmoja: ya Nakagawa Hiroshi ya mwaka 1995 inahusu Chitose, na za Tamura Suzuko na Kayano, zote za 1996, zinahusu Saru. Kijana wa Asahikawa, mji ambao Yukie alisikiliza nyimbo za bibi yake, anayetaka leo kusema lugha ya ukoo wake, atakuta vitabu, kanda na walimu wengi wakimpa neno la Saru. Akilichukua atapata wenzake wa kuzungumza nao. Akilikataa atalazimika kuchambua rekodi chache za Asahikawa, akitafuta neno moja moja. Wapo wanaofanya hivyo.